Siku ya Moto, Chakula Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti. Wanaume wote wa karakana ile ya Kampala walikuwa wamesimama, mmoja na nyundo, mwingine na koleo, na mimi peke yangu nikaonyeshwa kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, hatua tano kutoka kwenye tanuri la matofali. Juu ya kiti palikuwa na saa kubwa iliyotolewa ukutani, daftari, na penseli iliyofungwa kwa uzi ili isitembee.

"Wewe, muwala," aliniambia Fundi Mkuu, Mzee Kasule, akitumia neno la Kiganda ambalo wazee huwaitia mabinti zao. "Kazi yako iko hapa. Unakaa, unaangalia moto, unaandika. Si mnasema nyinyi wanawake ndio mnajua jiko? Haya, jiko ndio hii."

Nilikaa. Kiti kikayumba. Karakana nzima ikacheka, na treni iliyokuwa inapita upande wa Namuwongo ikapiga honi kana kwamba nayo imeusikia mzaha.

Naitwa Akello. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, nami nilikulia kambini, ambako watoto wa kila kabila la nchi hii waligombana na kupatana kwa Kiswahili. Chuoni nilisomea kuchomelea vyuma, na siku ile nilikuja na miwani yangu myeusi mfukoni, nikiwa na hamu ya kushika moto wenyewe. Badala yake nikapewa saa na penseli. Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba wameniajiri kuchunga tanuri kama anayechunga mbuzi. Nyinyi vijana mnaonisoma leo, nawaomba mnivumilie, maana kiti kile nilichokidharau ndicho kilichonipa maisha yangu yote, na sijawahi kukaa mahali pazuri zaidi.

Juma halikuisha kabla sijaeleweshwa. Mzee Kasule alimwita Papa Baraka, mchomeleaji aliyetoka Bukavu na ambaye mshono wake ulikuwa umelala sawa kama ukili wa mkeka. Akamwambia aunge mabamba manne ya chuma, mawili kwa mawili, yawe jozi mbili zinazofanana. Jozi moja ikaingia tanurini kwangu, nikaiandikia joto lake kutwa nzima. Nyingine ikaachwa sakafuni ipoe yenyewe. Kesho yake Mzee akanipa msumeno.

"Kata hii ya sakafuni. Fuata mshono kwa urefu."

Nilikata. Nilipofika katikati, chuma kikaubana msumeno. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nikavuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu, nikavuta tena.

"Dada, unaikamua maziwa?" Papa Baraka aliuliza, na wenzake wakashika mbavu.

Kisha Mzee akanipa ile iliyopita kwangu tanurini. Msumeno ulishuka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kunung'unika, na vipande viwili vikaanguka vimenyooka.

"Umeona?" alisema Mzee Kasule. Sasa hakuwa anacheka. "Hii ya kwanza ilikuwa imenyamaza, lakini ilikuwa imekasirika. Ulikuwa unaona hasira? Hapana. Mimi naona? Hapana. Iko ndani, inangoja."

Hilo ndilo jambo lenyewe, na nitalieleza mara moja tu. Unapochomelea, chuma cha mshono huyeyuka, kisha hupoa, na kinapopoa hutaka kusinyaa. Lakini chuma cha pembeni ni baridi na hakikubali kusogea. Basi vinavutana, na mvutano ule hauishi pale mchomeleaji anapovua miwani; unafungiwa ndani ya chuma kama maneno ambayo hayakusemwa. Wataalamu wanauita mkazo uliobaki. Unaweza kukaa mwezi au miaka, halafu siku moja, katikati ya kazi, chuma kikapasuka. Dawa yake ni kukipasha chote polepole mpaka kiwe laini kidogo tu, bila kuyeyuka, kukishikilia katika joto hilohilo kwa muda wake, kisha kukiacha kipoe taratibu kikiwa kimefunikwa. Sisi tulisema tunakituliza.

Enzi zile tulitumia makaa. Joto tulilipima kwa chaki maalumu, kila moja ikiyeyuka kwenye nyuzi zake, na kwa macho: ukiukinga mwanga kwa viganja, unaona wekundu mzito unaoanza tu kuamka. Sehemu iliyowashinda wanaume ilikuwa kushikilia. Walijua kuwasha na walijua kuzima, lakini kukaa saa mbili bila kufanya chochote zaidi ya kuhakikisha hakuna kinachobadilika, hapo mikono iliwawasha. Kufikia hapo nilikuwa nimeolewa kwa Waganda wa Lubaga, na mama mkwe wangu alikuwa amenifundisha kupika matooke, zile ndizi mbichi. Yanafungwa kwenye majani ya mgomba, yanaiva, yanapondwa ndani ya majani yaleyale, kisha yanarudishwa juu ya moto mdogo na kuachwa humo muda mrefu yakilainika, na ole wako ufunue kabla ya wakati. Waganda wana neno la kazi hiyo, kuboobeza. Siku moja, Meneja wa karakana alipouliza kwa nini naketi tu, nikamjibu, "Naboobeza, ssebo," yaani bwana. Mzee Kasule alicheka hadi akafuta macho kwa kofia, na kuanzia hapo karakana nzima haikusema tena tunashikilia joto. Hata wahandisi waliotoka ng'ambo waliondoka kwetu wakisema kuboobeza.

Tulipohamia karakana kubwa, makaa yakabaki nyuma. Zikaja pedi za umeme, yaani shanga za kauri zilizotungwa kwenye waya nene, unazivisha mshono kama mkufu. Juu yake unafunika blanketi la pamba ya mawe isiyoungua. Chini ya blanketi kuna waya sita za kupima joto, na zote zinakwenda kwenye mashine yenye kalamu sita zinazochora mistari sita juu ya karatasi inayojiviringisha polepole. Karatasi ile ndiyo ushahidi. Mwisho wa kazi aliyekaa zamu huisaini, na bila sahihi hiyo mkaguzi wa serikali hakigusi chombo. Mzee Kasule alihama nasi na cheo chake. Mimi nilihama na kiti changu. Seremala wa karakana alitaka kukirefusha ule mguu, nikamkatalia. Kiti kinachoyumba hakikuachi usinzie.

Nilitumwa kwingi. Nilituliza roli za kukamulia miwa za kiwanda cha sukari, mihimili ya daraja, na mabomba ya bwawa la umeme ambamo mtu mzima anatembea bila kuinama. Lakini mnaponiuliza kazi gani siisahau, ni boila ya chai.

Ilitoka kwenye kiwanda kimoja huko magharibi. Boila ni mtungi mkubwa wa chuma unaochemsha maji kuwa mvuke, na mvuke ndio unaokausha majani. Ule ulikuwa umepasuka kwenye kiuno. Majani ya chai hayajui habari za boila. Yanachipua, yanachumwa, na yasipokaushwa upesi yanaoza, na kazi ya mchumaji inamwagwa shambani kama taka. Meneja wa kiwanda alikuwa akipiga simu kila asubuhi. Papa Baraka alichomelea siku tatu, akiimba nyimbo za kanisani kwake, na mshono ulipokamilika akaubusu, kweli kabisa, mbele ya watu.

"Ni muzuri, dada," aliniambia. "Sasa nakuachia wewe. Usiniuwie mutoto."

Tuliwasha saa kumi na moja alfajiri. Saa sita adhuhuri kalamu zote sita zilikuwa kwenye nyuzi mia sita na ishirini, na nikaanza kuboobeza, saa mbili kamili. Karatasi ilikwenda kama maji yaliyotulia. Saa saba Mzee Kasule akaja, ana kibati chake cha chakula kwapani.

"Muwala, umekaa hapo tangu alfajiri. Nenda ukale. Mimi nakaa."

"Mzee, bado saa moja."

"Nani alikufundisha moto, mimi ama wewe? Nenda."

Nilikwenda. Nilikula haraka, sikumaliza hata nusu saa, na niliporudi kalamu zote zilikuwa mahali pake. Mzee alikuwa anajifuta mdomo. Nilikaa. Sikuifunua karatasi iliyokwisha kujiviringisha ndani ya mashine kutazama ilichochora nilipokuwa sipo. Hilo lilikuwa kosa langu, na nataka lisomeke hapa kama langu.

Saa nane tulianza kuteremsha joto. Saa kumi na moja jioni tukafunua. Lori lilikuwa limeshaingia kwa kurudi nyuma mpaka mlangoni, dereva anachungulia, na Meneja wa karakana anazunguka na simu mbili, moja kwa kila sikio. Mpango ulikuwa mkaguzi afike asubuhi, aone karatasi, agonge mhuri, lori liondoke. Nikalikunja blanketi, na hapo pua yangu ikasimama.

Blanketi lilinuka karanga.

Nililigeuza. Karibu na mkunjo wa juu palikuwa na doa la rangi ya waridi, duara, la ukubwa wa kibati. Yeyote aliyekula Kampala anaijua rangi hiyo. Ni mchuzi wa karanga, binyebwa, uliomwagika kidogo ulipochemka.

Nikaenda kwenye mashine, nikatoa karatasi, nikaiviringua juu ya meza. Mistari mitano ilikuwa imenyooka. Wa tatu, saa saba na robo, ulikuwa umetumbukia shimoni mpaka mia tano na arobaini, kisha ukapanda tena. Shimo dogo. Ungeweza kulifunika kwa kidole gumba.

Nawaambia ukweli, nililifunika. Niliweka kidole juu yake na kutazama, na karatasi ikawa nzuri ajabu.

Kisha nikakiondoa. Mahali pale palikuwa pamepoa wakati jirani zake wana joto, na panapopoa peke yake panavuta. Huenda boila ilikuwa nzima. Huenda haikuwa. Ningesaini, ingekwenda kusimama ndani ya nyumba yenye watu zaidi ya mia, imejaa mvuke, na mimi ningekuwa nyumbani Kyebando napika chai ya majani yake, nikisikiliza redio kila asubuhi kwa hofu.

Nilimfuata Mzee Kasule nyuma ya karakana, kwenye bomba la maji, alikokuwa anaosha kibati chake. Kumbe sikuhitaji ushahidi mwingine.

"Mzee, chakula kilikuwa kitamu?"

"Sana. Mke wangu, Mama Nnalongo, alipika..." Akanitazama. Akaitazama karatasi mkononi mwangu. "Banange, muwala. Ilikuwa dakika tano."

"Kumi, Mzee. Kalamu imehesabu."

"Nilifunua pembeni tu. Nikaingiza, nikafunika. Binyebwa ikiwa baridi inaganda kama gundi, tumbo langu haliiwezi." Aliweka kibati chini. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na wachomeleaji wote wa mji huu walimwita mwalimu. "Umeambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Lakini siwezi kusaini."

Akafunga bomba. Nami niliona haya, maana kwa Waganda na kwetu kaskazini vilevile, mtoto hamsimamishi mzazi wake bombani kumuuliza habari za chakula. Nilisema jambo moja tu lililonijia. "Mzee, unakumbuka ule msumeno? Ulisema imenyamaza lakini imekasirika."

Kabla hajajibu, Meneja akatokea pembeni ya ukuta.

"Nyabo Akello! Nakutafuta kama mchumba! Saini tupakie. Yule mtu wa chai ananipigia, anasema majani yake yanamwagwa kwenye mtaro."

"Sisaini, ssebo. Turudie kesho, mwanzo mpaka mwisho."

"Turudie? Turudie nini? Unajua umeme wa kutwa nzima? Unajua lile lori linalipwa kukaa? Karatasi ina nini?"

"Ina shimo."

"Shimo la nani?"

Nikaitazama karatasi. Nilikuwa tayari kusema ni langu. Nilikuwa nimeacha kiti, na hilo lilikuwa kweli kiasi cha kunitosha. Meneja alifungua mdomo, na kwa jinsi alivyoshika kiuno nilijua linalofuata ni barua ya kuniachisha kazi.

"Ni langu," alisema Mzee Kasule.

Aliokota kibati, akamwonyesha Meneja sehemu ya chini, palipoungua. "Nilipasha chakula juu ya boila. Huyu nilimfukuza mimi akale. Kama unaandika barua, andika jina langu, na uandike vizuri, nina majina mawili."

Meneja alitazama kibati. Alimtazama Mzee, kofia yake, mvi zake. Simu moja ikalia, hakuipokea. Kisha, jamani, nikaona bega lake linatikisika. Nikadhani ni hasira.

"Boila ya tani tatu," alisema, akishindwa kupumua. "Fundi Mkuu. Kwa mchuzi wa karanga."

Alicheka mpaka akakaa kwenye mtungi tupu. Papa Baraka akaja kuona kuna nini, alipoambiwa akapiga magoti na kulikumbatia tumbo. "Mutoto yangu," alilia, "wamempikia juu kama mafiga!" Dereva wa lori akataka kujua kama kuna uliobaki. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa yote ya kicheko. Meneja alipoinuka aliipokea simu, akamwambia mtu wa chai, "Ssebo, siku moja zaidi. Hapana, hakuna tatizo la chuma. Chuma ni kizuri. Tatizo lilikuwa la jikoni. Ndiyo, tunalipa lori sisi. Majani yako ya kesho mpelekee jirani yako akukaushie, nami nitazungumza naye sasa hivi."

Alizungumza naye, na jirani akakubali.

Kesho yake tuliwasha upya alfajiri. Saa saba adhuhuri sikuinuka. Mzee Kasule alikuja na sufuria kubwa, matooke na mchuzi wa karanga vya karakana nzima, Mama Nnalongo aliamka usiku kuvipika, na vyote vilikuwa baridi kabisa. Aliuweka mkono juu ya kifuniko, akatangaza: "Kuanzia leo, siku ya moto ni siku ya chakula baridi. Anayetaka cha moto arudi kwa mke wake." Kisha akaketi sakafuni kando ya kiti changu, tukala huku tukitazama kalamu sita zikitembea pamoja. Mchuzi uliganda kama gundi kweli. Sijawahi kula kitu kitamu vile.

Karatasi ile nilisaini kwa herufi kubwa. Mkaguzi aliuliza kwa nini natabasamu. Miaka kadhaa baadaye nilipita magharibi, nikaomba kuingia kwenye kile kiwanda. Boila ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na wachumaji walikuwa wanamwaga magunia yao mlangoni, wanabishana, wanacheka. Niliweka kiganja juu ya mfuniko wake wa nje. Nilisimama hapo mpaka mwenyeji wangu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia najisikia vizuri mno.

Nimestaafu mwaka huu. Asubuhi nalima mboga hapa Kyebando, mchana nawasimulia wajukuu. Wananiuliza kama sikuchoka, miaka yote hiyo kukaa nikitazama mstari ulionyooka. Nawaambia mstari ulionyooka ni watu wengi waliorudi nyumbani jioni bila kujua kwamba kuna jambo lingewapata. Hakuna anayekushukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Basi ujishukuru mwenyewe, na uimbe.

Siku ya kuniaga, karakana ilikuwa na kazi. Mshono wa tangi la maziwa ulikuwa umefunikwa, na kwenye kiti changu alikaa binti mhandisi, Nakato, mwenye kompyuta badala ya kalamu sita. Kiti kiliyumba, naye akayumba nacho, macho hayabanduki. Hotuba zilipoanza, geti likafunguliwa, akaingia Mzee Kasule kwa mkongojo, mwanawe amemshika mkono, na kwapani ana kibati.

"Muwala," alisema, "nimekuletea binyebwa."

"Ya moto, Mzee?"

Akanyoosha mkongojo kuelekea lile blanketi. "Nimeona pale kwa mlango mnaboobeza. Ni baridi kama jiwe." Kisha akasogea kidogo kumtazama Nakato na mashine yake. "Mjukuu, naweza kuja karibu nione?"

Nakato hakugeuza hata shingo. "Karibu sana, jjajja," alisema. "Lakini kibati kibaki huko."

Karakana nzima ikapiga kelele ya furaha. Mzee Kasule alinigeukia, macho yamejaa maji, amejaa fahari kama baba wa bibi harusi. Tukaketi kwenye benchi la nje, yeye na mimi na Papa Baraka mwenye mvi, tukafungua kibati, tukala mchuzi ulioganda kwa vidole mpaka tukakisafisha.